Tulikuwa mbele 2006, leo tunanunua bando la Nairobi kutoka Singapore

Wadau, juzi Jumamosi nilikuwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kubadilisha kioo cha simu ya mama mkwe. Wakati fundi anahangaika na bisibisi, akaingia dada mmoja anayeuza nguo za watoto Mtaa wa Kongo. Ana tiketi ya Guangzhou ya usiku ule ule. Hataki kioo, hataki chaja. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, ile laini ya hewani mnawekaga hapa?"

Fundi akasema naam, elfu arobaini. Akachomoa kwenye droo karatasi iliyochapishwa msimbo wa QR. Mimi kiherehere changu mnakijua. Nikamwambia yule dada, kabla hujatoa hela hebu piga *#06#. Akapiga. Zikatoka IMEI mbili, basi. Simu yenye uwezo wa eSIM huwa inatoa na namba nyingine ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID. Hamna EID, hamna eSIM. Simu yenyewe ilikuwa iPhone nzuri tu, lakini ya soko la China bara, na hizo kwa miaka mingi zimetoka na nafasi mbili za laini za plastiki bila eSIM. Fundi wala hakushtuka: "Basi sister, labda itakubali ukifika kule."

Labda! Elfu arobaini ya labda. Na hata simu ingekuwa na uwezo huo, msimbo wa namna ile kwa kawaida hutumika mara moja tu. Nani anajua karatasi ile ilishapita kwenye simu ngapi?

Nimeona niliandike hili kwa sababu watu wa Kariakoo wanasafiri kuliko tunavyodhani. Guangzhou, Yiwu, Dubai, Istanbul, Kampala, Lubumbashi. Mtu anakwenda siku kumi, anazunguka masoko, anapiga picha ya mzigo, anamtumia mwenzake dukani, mwenzake anajibu "chukua" au "acha". Biashara nzima inapita WhatsApp. Data ikikatika saa mbili, mzigo kachukua mwingine. Hii sio anasa ya watalii.

Sasa basi, tuanze na romingi ya kawaida, maana ndiyo inayoua. Ukivuka mpaka na laini yako ukaacha data imewashwa, simu inaanza kunywa yenyewe: picha za magrupu, programu zinazojisasisha, barua pepe. Usipokuwa na bando la romingi unatozwa kwa megabaiti. Tuseme megabaiti moja ni shilingi 500. Gigabaiti moja ina megabaiti 1,024, kwa hiyo ni shilingi 512,000. Hiyo ni nauli ya kwenda Nairobi kwa basi na kurudi, na chenji ya kutosha inabaki. Mwaka 2019 mimi mwenyewe nilipita Namanga na salio la elfu hamsini, nikasinzia, tunafika Athi River salio limekuwa sifuri. Sijapiga simu hata moja. Mtandao gani sisemi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hili tatizo tuliwahi kulitatua. Wakongwe mtakumbuka. Septemba 2006, Celtel, ile ya Mo Ibrahim ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imenunuliwa na Wakuwaiti, ilizindua One Network kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Ulikuwa unashuka Nairobi na laini yako ya Dar, unapokea simu bure, unapiga kwa bei ya wenyeji, unakwangua vocha ya kule kule. Mwaka uliofuata wakaingiza Kongo zote mbili na Gabon. Washindani wakalazimika kujibu: Vodacom ya hapa, Safaricom na MTN ya Uganda wakaungana na huduma waliyoiita Kama Kawaida. Ulaya, pamoja na Umoja wao na sarafu yao moja, walifuta tozo za romingi baina yao Juni 2017. Yaani walikuja zaidi ya miaka kumi baada ya laini ya kukwangua ya Afrika Mashariki!!

Ikawaje? Celtel ikawa Zain, 2010 ikawa Airtel, na wenye mali wapya walikuja na hesabu zao. Kenya, Uganda na Rwanda wakaanzisha eneo la mtandao mmoja mwaka 2014, kwa kuanzia na simu za sauti. Tanzania hatukuwamo. Zile zilikuwa nyakati za marais wa nchi tatu kukutana bila sisi, na sisi kusema Jumuiya isiende mbio. Sitaki kufufua ugomvi ule. Ninachosema ni kwamba mambo ya romingi hayaamuliwi na teknolojia, yanaamuliwa na mikataba: kampuni ya huku inailipa ya kule kwa kila dakika na kila megabaiti, na bei hiyo ya jumla wala huioni kwenye bango lolote. Wasimamizi wa nchi mbili wakikaa wakaweka kikomo, bei inashuka. Wasipokaa, haishuki.

Mwanya huo ndio eSIM za wasafiri zimeingia nao. Kampuni kama Airalo, iliyoanzishwa Singapore mwaka 2019, au Holafly ya Hispania, hazina mnara hata mmoja. Kazi yao ni kununua data kwa jumla kutoka mitandao mbalimbali na kuuza rejareja, kama vile mtu anavyofungua robota la mitumba Ilala na kuuza moja moja. Unalipa kwa kadi, unatumiwa msimbo, laini inashuka ndani ya simu. Gigabaiti moja ya wiki moja kwa nchi nyingi inakwenda kama dola nne au tano. Ukilinganisha na bando la nyumbani ni ghali. Ukilinganisha na zile 512,000 ni bure. Na ndiyo maana leo Mbongo anayekwenda Nairobi, safari ya saa moja na kidogo kwa ndege, anaweza kununua data ya Kenya kutoka Singapore. Hebu litafakari hilo.

Kwa wale wa China kuna jambo kubwa kuliko bei. Ukifika Guangzhou ukanunua laini ya wenyeji kwa pasipoti (na tangu Desemba 2019 wanakupiga picha ya uso kabla ya kukusajili), unapata data tele, lakini WhatsApp hakuna, Google hakuna, Instagram hakuna. Utabaki na WeChat, na mwenzako wa dukani Kariakoo hana WeChat. Laini ya kigeni iliyo kwenye romingi inafanya kazi kwa namna nyingine. Inatumia mnara wa China, ila data inasafirishwa kwanza hadi kwa mtandao ulioitoa laini, na intaneti unaipata kutokea huko. Kwa hiyo WhatsApp inafunguka bila VPN. Ndio maana wazoefu wa Xiaobei hutembea na laini mbili: ya Kichina ya kuongea na kiwanda, na ya nje ya kuongea na nyumbani.

Lakini msishangilie sana. Data kupita nchi ya tatu maana yake kuna watu wa nchi ya tatu wanaoweza kuona unakwenda wapi. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walionyesha kuwa baadhi ya eSIM za wasafiri zinapitisha data kwenye mitandao ya Kichina hata mtumiaji akiwa hayupo China kabisa. Wewe unadhani uko Dubai, simu yako inadhani iko Hong Kong. Wa benki kwa simu mlizingatie hilo.

Tukija kwenye laini ya nyumbani, hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu akifika ugenini anaing'oa anaitupa kwenye pochi. Siku ya tatu anataka kuhamisha hela, benki inatuma namba ya kuthibitisha kwa meseji, meseji inakwenda kwenye pochi. Au kadi yenyewe inapotelea hotelini. Kwetu laini ndiyo pochi tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008. Uzuri wa eSIM ni kwamba inakaa pembeni ya ile ya plastiki: laini ya Dar inabaki humo, romingi ya data imezimwa, inapokea meseji ambazo kwa kawaida kuzipokea hakuna malipo, na data inapita kwenye ile nyingine. Hakikisha tu kabla ya kupanda ndege kwamba romingi ya laini yenyewe imefunguliwa na mtandao wako. Bila hivyo hata meseji haziingii, na kwenda kuifungua ukiwa Yiwu ni shughuli.

Najua kuna mdau atauliza, je, serikali inalionaje hili? Swali zuri. Sisi hapa tumepanga foleni za NIDA, tumeweka vidole, mwisho wa kusajili ulikuwa Desemba 2019 ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, waliochelewa wakazimiwa. Oktoba 2023 TCRA wakataka watumiaji wa VPN wajisajili. Halafu leo mtu ananunua laini ya nje kwa dakika tano bila kuweka kidole popote. Mnadhani hawalioni? Sioni wakilifumbia macho milele. Ila kuna upande wa pili. Jamaa yangu mmoja alikuwa Yiwu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchini. Yeye kule data anayo, gigabaiti saba, WhatsApp inafunguka. Wa kumjibu hayupo. Siku kadhaa tiki moja. Aliuachia mzigo wa viatu kwa sababu dukani hakupatikana mtu wa kusema "chukua".

Kuna wasioweza kabisa kutumia kitu hiki, na ndio wengi. Tecno, Infinix na itel nyingi zinazouzwa pale Aggrey hazina eSIM. Kuna kadi za plastiki zinazobeba eSIM ndani yake, unazichomeka kama laini ya kawaida, ila zina masharti na si kila simu inazikubali. Kwa wanaokwenda kwa makundi, njia ya bei nafuu ni simu moja kuwagawia wenzake. Kwa Nairobi au Kampala wala usijisumbue, nunua laini ya pale pale kwa pasipoti. Upande mwingine, eSIM inatufuata yenyewe. iPhone za Marekani tangu 2022 hazina tundu la laini, na tangu Septemba 2025 iPhone 17 za Emirates, Saudia na Oman nazo hazina. Sasa jiulize simu za Kariakoo zinatoka wapi kama si Dubai? Mitandao yetu imeshaanza kutoa eSIM, na itabidi iongeze kasi. Tahadhari kwa "used" za Marekani: iliyofungwa na mtandao wake wa kule haitapokea laini yoyote ya nje, hata uisomee dua.

Yule dada tulimsaidia hivi. Mdogo wake ana Samsung S21, tukapiga *#06#, EID hiyo hapo. Wakabadilishana simu. Kadi yake ya benki ikakataa, kumbe malipo ya mtandaoni hayajafunguliwa, na Jumamosi jioni utampata nani benki? Mdogo mtu akatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, akalipa dola 15 kwa gigabaiti tano za siku 30. Ni kama elfu thelathini na nane, chini ya karatasi ya fundi. Tukaishusha kwa WiFi ya dukani kwa yule yule fundi, ambaye alinuna lakini akatupa nywila.

Jumatatu kashamtumia mdogo wake picha za sare za shule kutoka sokoni, bei kwa yuan, na swali: "Nichukue za bluu?"

Wa Mumbai, hasa mliopeleka wagonjwa, naomba mtuambie hapo chini mlitumia laini gani na mlisajiliwa vipi. Nawasilisha.