Joho la Kukodi na Haya ya Waingereza

Mwaka 1666 Samuel Pepys, mtumishi wa ofisi ya jeshi la wanamaji mjini London, alikwenda kuchorwa picha. Baba yake alikuwa mshona nguo, na yeye mwenyewe alipenda kupendeza. Lakini kwa picha hiyo hakuchagua koti la kutokea. Alikodi joho la Kihindi, pana, lisilobana popote, nguo ambayo mwanamume aliivaa akiwa kwake. Yaani alilipa fedha ili aonekane kama mtu aliyekaa nyumbani! Picha ipo mpaka leo, katika jumba la National Portrait Gallery.

Karne iliyofuata joho la namna hiyo lilijulikana kwa jina la “banyan”. Neno hilo ni ndugu wa Baniani wa Kiswahili. Asili yake ni Kigujarati, lenye maana ya mfanyabiashara, likapita kwa Waarabu na Wareno. Upande mmoja wa bahari likabaki kuwa mtu, upande mwingine likawa nguo.

Mavazi ya aina hiyo kwa jumla yaliitwa “undress”. Anayejua Kiingereza cha leo atashtuka, maana leo neno hilo ni kuvua nguo. Zamani lilikuwa pia jina la nguo za kawaida, zisizo za sherehe. Mwanamke aliyepokea wageni asubuhi akiwa katika “undress” hakuwa uchi. Alikuwa na gauni lake la nyumbani, basi. Jeshini maana hiyo ingalipo: sare isiyo ya sherehe huitwa hivyo hivyo, na askari amefunga vifungo vyote. Wenye kuringa walichukua neno la Kifaransa, “dishabille”. Maana ileile, bei juu.

Walikuwa pia na jozi tamu, “don” na “doff”, yaani vaa na vua, zilizotokana na kuunganisha “do on” na “do off”. Kiswahili kinaimaliza kazi hiyo kwa kubadili irabu moja tu.

Jambo zito lilikuwa nani amkute nani katika hali hiyo. Bwana mkubwa aliweza kumpokea mshona nguo wake akiwa na banyan, wigi likiwa pembeni na kofia ya nyumbani juu ya kichwa kilichonyolewa. Mshona nguo hakuthubutu kwenda kwa bwana vile. Kwa rafiki, ilikuwa dalili ya kuaminiana. Kwa wa chini, ilikuwa kumwonyesha daraja lake. Nguo ni moja. Kina mama wa Pwani wanaijua hesabu hiyo: hodi ikisikika, kwanza huchungulia ni nani. Akiwa jirani, dera hubaki na mazungumzo yanaendelea. Akiwa mkwe, ni mbio chumbani.

Kisha haya ikaingia kwenye maneno yenyewe. Nguo ya kitani iliyogusa mwili wa mwanamke iliitwa “smock”. Neno likaonekana halina adabu, wakasema “shift”, yaani nguo ya kubadili. Nalo likaonekana baya, wakakimbilia Ufaransa na kurudi na “chemise”. Hilo ndilo lililofika Afrika Mashariki na kuwa shimizi. Nguo haikubadilika sana. Ni midomo iliyokuwa ikikimbia. Kufikia karne ya 19 hata suruali ya mwanamume ilikuwa taabu kuitaja, wakaiita “inexpressibles” au “unmentionables”: zisizosemeka, zisizotajika.

Inachekesha, ila nyumba zenye tabia hiyo hazijaisha. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa kila anapotaja chupi atamwambia nini nesi siku atakapoumia huko? Atasema “pale”. Nesi atauliza pale wapi, na mama aliyekaa pembeni ndiye atakayelazimika kutaja.

Neno lililosafiri mbali kuliko yote ni “negligee”. Katika karne ya 18 lilikuwa gauni pana la mwanamke, la mchana, na lilivaliwa mbele za watu. Leo ni nguo nyepesi ya kulalia, ya bibi harusi. Mwanamke wa London wa enzi zile akifufuka na kuingia dukani kuomba “negligee” ya kwendea kwa mama mkwe, muuzaji atamtazama mara mbili.