Mkulima wa Uluguru hayumo kwenye darasa la saa 7 mchana

Wadau, kuna mtindo ulioshika kasi tangu korona ya mwaka 2020: semina za mtandaoni za saa ya chakula cha mchana. Asasi ya kutetea mazingira inatuma tangazo, saa 7 unabonyeza, mtaalamu anapitisha picha zake huku wewe unashughulika na chipsi zako ofisini. Ikifika saa 8 umeelimika kuhusu vyanzo vya maji, umeandika "asanteni sana", umerudi kazini.

Sina ugomvi na elimu ya bure. Mwanafunzi wa SUA asiye na nauli ya kwenda kongamano Dar anamsikiliza mtaalamu akiwa bwenini. Hilo ni jema. Ugomvi wangu unaanza pale mada inapokuwa Milima ya Uluguru, halafu ripoti ikaandikwa kwamba wadau wameelimishwa. Wadau gani hao?

Tuulizane, nani hasa anaishika Uluguru mikononi mwake? Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Chini yake kuna mashamba ya Matombo, Mgeta na Kibungo. Maji ya huko yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Maji ya Ruvu yalipopungua mwaka 2022, jiji liliingia kwenye mgao. Kwa hiyo jembe la mama wa Kibungo na bomba la Sinza ni ndugu wa damu.

Sasa saa 7 mchana mama huyo yuko wapi? Yuko shambani, au amekaa na ndizi zake Soko la Chifu Kingalu mjini. Simu yake ya kitochi. Hata akiazima simu ya mwanawe, bando la saa nzima ni hela ya mboga. Na akilinunua, atakutana na Kiingereza! Nyingi ya semina nilizohudhuria ni Watanzania watupu kwenye skrini, Kiingereza mwanzo mwisho. Jamani, Bunge lilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Watetezi wa mlima wanangoja nini?

Msidhani nabishana juu ya lugha tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Kwenye miteremko ya Uluguru, mita 60 zinaweza kuwa shamba lote la ukoo. Anayeambiwa ahame ndiye hayumo kwenye mjadala, na anayejadili hana hata tuta moja.

Na Waluguru walishaonyesha matokeo ya elimu ya namna hii. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu walikuwa na ramani na takwimu. Mkulima, aliyekuwa na njia yake ya kulima mteremko, hakuulizwa. Matuta yakaleta juu udongo usio na rutuba, kazi ikawa kubwa na mavuno haba. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka na mpango ukafa.

Sasa linganisheni. Zaidi ya miaka 50 baadaye, CARE na WWF walikaa na wakulima wa Kibungo Juu. Wakulima wakachimba matuta na kupanda miti kwa hiari, na watumiaji wa maji, wakiwemo DAWASCO na Coca-Cola, wakachangia malipo. Mlima ni uleule na kazi ni ileile ya kuchimba, ila safari hii mkulima alikuwa upande wa pili wa meza, si chini yake.

Najua jibu la asasi: "Vijijini tunafika pia." Sawa, mnafika. Lakini mnafika uamuzi ukiwa umeshapikwa mezani kwa saa 7, mkulima anapelekewa sahani aonje. Geuzeni. Mkulima wa Mgeta awe mwalimu, daktari wa chuo kikuu awe msikilizaji. Iwe kwa Kiswahili. Iwe jioni, redioni, watu wakiwa wametoka shamba. Redio za Morogoro zinasikika na simu za kitochi zina redio. Maswali yapokelewe kwa meseji ya kawaida. Anayetaka kuangalia Zoom aangalie, lakini Zoom iwe dirisha, isiwe nyumba.

Na ripoti ya mwaka isiishie kuhesabu waliobonyeza. Itaje mkulima gani alisema nini, na asasi ilibadilisha nini baada ya kumsikia. Kama hakuna kilichobadilika, basi hayo yalikuwa maongezi ya mezani, na tuyaite hivyo.

Nimesema. Mwenye hoja ailete.