Bonge aliyemsumbua Dempsey ana somo kwa ngumi za Zanzibar

AGOSTI 2023 Uwanja wa Mao Zedong, unaozoeleka kwa mechi za Ligi Kuu ya Zanzibar, ulipokea wageni wa aina nyingine. Ulingo ulifungwa, taa zikawashwa, na Karim Mandonga ‘Mtu Kazi’ akapanda kuzichapa na Muller Junior. Ngumi zilikuwa zimerudi Unguja baada ya kupigwa marufuku tangu enzi za Rais wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, baada ya Mapinduzi ya 1964. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi ndiyo iliyofungua mlango.

Karibu miaka 60 bila ngumi ni mingi. Kizazi kizima kimekua kikizijua kwenye televisheni tu. Ndiyo maana ukipita Jaws Corner jioni, watu wana vikombe vya kahawa mkononi, mjadala wa bondia unakwenda kama ule wa straika mpya: mrefu? Ana kifua? Tumbo limekatika? Akionekana ana kitambi, hukumu inatoka kabla kahawa haijapoa. “Huyo si bondia yakhe, huyo wa kupika pilau.”

Hapo ndipo linapoingia jina ambalo wapenzi wengi wa ngumi hawajawahi kulisikia: Willie Meehan.

Bonge la San Francisco

Meehan alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1893, na jina lake halisi lilikuwa Eugene Walcott. Kwa urefu alikuwa mtu wa kawaida, kama sentimita 175 hivi. Kwa uzito alikuwa akipanda na kushuka, wakati mwingine akipita kilo 90, na sehemu kubwa ya kilo hizo ilikaa kiunoni. Magazeti ya wakati ule yalimcheka kwa unene wake, na picha zake ukiziona leo utadhani ni mpishi wa hoteli aliyekopeshwa glovu.

Lakini kuna jambo moja ambalo halifutiki kwenye kumbukumbu. Mtu huyu alipanda ulingoni mara tano na Jack Dempsey, mmoja wa mabondia wa kutisha zaidi kuwahi kushika mkanda wa dunia wa uzito wa juu. Matokeo yake ni haya: Meehan alishinda mara mbili, sare mbili, Dempsey akashinda mara moja.

Ndiyo, hujasoma vibaya.

Machi 1917, Meehan alishinda kwa pointi. Julai mwaka huo Dempsey akalipa. Agosti wakatoka sare, Septemba wakatoka sare tena. Kisha Septemba 13, 1918, San Francisco, Meehan akachukua ushindi wa pili.

Huo wa mwisho ndio wa kuangaliwa kwa makini. Wiki chache tu nyuma, mwishoni mwa Julai 1918, Dempsey alikuwa amemlaza Fred Fulton, jitu refu lililokuwa likitajwa kuwa mpinzani wa bingwa, kwa chini ya nusu dakika. Miezi kumi baada ya kupoteza kwa Meehan, Julai 4, 1919, alimwangusha bingwa Jess Willard mara saba kwenye raundi ya kwanza pekee na kuchukua mkanda. Baada ya Meehan, hakuna aliyemshinda Dempsey tena mpaka Gene Tunney, Septemba 1926. Miaka minane.

Kwa lugha ya mpira, ni sawa na timu ya daraja la pili kucheza mara tano na bingwa wa Afrika na kumaliza ikiwa mbele kwa pointi. Mara moja unaweza kusema bahati. Mara tano ni kitu kingine.

Aliwezaje?

Siri ya kwanza ilikuwa pumzi. Meehan alirusha mikono mfululizo, ngumi za kuzunguka kama panga la feni, nyingine zikitua kama makofi. Hazikuwa nzuri kutazama na hakusifika kwa kulaza watu. Ila zilikuwa nyingi, na hazikukoma. Mpinzani aliyetaka kupanga miguu ili aachie ngumi moja nzito alikuta uso umeshaguswa mara nne.

Siri ya pili ilikuwa kichwa chake, si cha kugonga bali cha kufikiri. Alifanya masihara ulingoni, alicheka, alimtoa mtu kwenye mchezo. Dempsey alipenda mpinzani anayesimama apigwe au anayekimbia afukuzwe. Meehan hakufanya lolote kati ya hayo. Alijaa mwilini kwa mpinzani na kuendelea kurusha.

Siri ya tatu ndiyo kubwa zaidi: sheria. Wapiga kura wa jimbo la California walipitisha mwaka 1914 kwamba mapambano yasizidi raundi nne. Hali hiyo ilidumu karibu miaka kumi. Meehan alikuwa kijana wa mji huo, akaujua mchezo wa raundi nne kama mvuvi wa Nungwi anavyoujua mkondo wa maji. Kwenye raundi nne hakuna muda wa kumsoma mtu. Ukiichezea ya kwanza, robo ya pambano imekwenda.

Upande wa pili

Haki itendeke. Wapo wanaosema ushindi huo usipewe uzito, na hoja zao si za kutupa.

Kwanza, Dempsey wa mwanzoni mwa 1917 alikuwa bado hajaiva. Februari mwaka huo huo alikuwa amepigwa na Jim Flynn kwenye raundi ya kwanza. Pili, raundi nne si raundi 12 wala 15. Pambano lingekuwa refu, mwili ule ungedai deni lake, na ngumi za Dempsey zingekuwa na muda wa kufika. Tatu, Meehan hakuacha orodha ya mabingwa aliowalaza.

Yote hayo ni kweli. Lakini hoja ya kwanza inakufa kwenye pambano la 1918. Dempsey wa Septemba ile hakuwa mtoto tena, alikuwa ametoka kummaliza Fulton kwa sekunde. Na hoja ya raundi nne inakata pande zote mbili: Dempsey ndiye aliyekuwa hatari zaidi dakika za mwanzo. Kama kuna umbali uliomfaa mtu wa kumaliza kazi mapema, ulikuwa huo huo.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni hii. Meehan hakuwa bondia bora kuliko Dempsey, na hakuna anayejua mchezo atakayesema hivyo. Alikuwa fundi wa mbio fupi, na kwenye mbio hizo bingwa mtarajiwa hakumpata jawabu zaidi ya mara moja. Hilo linatosha kumpa nafasi kwenye historia ambayo hajapewa.

Sura inauza tiketi

Mbona basi hakupata pambano la mkanda? Jibu liko kwenye biashara. Julai 1921 promota Tex Rickard alimleta Georges Carpentier wa Ufaransa, mtanashati, bingwa wa uzito wa juu mwepesi, mtu mwembamba kuliko Dempsey. Kwa uzito lilikuwa pambano lisilolingana, na Dempsey alilimaliza raundi ya nne. Lakini mlangoni ziliingia zaidi ya dola milioni moja, kiasi ambacho ngumi zilikuwa hazijawahi kuingiza kabla.

Bonge anayepiga makofi na kucheka hauzi tiketi za namna hiyo. Zaidi ya hapo, anaweza kukuharibia bingwa wako mbele ya watu.

Mashabiki wa soka wanalijua hili. Ferenc Puskás alikuwa mfupi na mnene wakati Hungary inakwenda Wembley Novemba 1953. Waliomcheka walihesabu mabao dakika 90 baadaye: England 3, Hungary 6, mawili yakiwa ya Puskás. Na Juni 2019 pale New York, Andy Ruiz alipanda ulingoni akiwa na tumbo lake mbele ya Anthony Joshua aliyechongwa kama sanamu. Raundi ya saba Joshua alikuwa hana mikanda.

Hata Mandonga, ambaye wengi walimchukulia kuwa mtu wa maneno tu, Januari 2023 alikwenda Nairobi na ‘sugunyo’ yake akamsimamisha Daniel Wanyonyi. Machi waliporudiana, Wanyonyi akashinda. Vyote viwili ni vya kukumbuka: anayechekwa anaweza kushinda, na kushinda mara moja si kumaliza kazi.

Unguja ichague kwa macho yapi?

Sasa turudi nyumbani. Zanzibar inaanza upya, na kinachoanza kwanza ni msingi: vijana, mazoezi, ngumi za ridhaa. Ngumi za ridhaa za wanaume ni raundi tatu za dakika tatu. Fupi hata kuliko zile za Meehan. Ndiko pia Tanzania ilikovuna baadhi ya medali zake za Jumuiya ya Madola, kuanzia fedha ya Titus Simba mwaka 1970 na dhahabu ya Michael Yombayomba mwaka 1998 hadi shaba za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe mwaka 2022.

Maana yake ni kwamba mchezo ambao vijana wa Unguja watauanza ndio ule ule unaompa nafasi mtu wa aina ya Meehan: mwenye pumzi, mikono mingi na kichwa kilichotulia. Na kwenye uzito wa juu kabisa wa ridhaa hakuna kikomo cha kilo upande wa juu. Mpagazi wa Darajani anayebeba viroba tangu alfajiri, au mvuvi anayevuta nyavu tangu utoto, anaweza kuwa na vitu hivyo vyote na tumbo juu yake.

Hatari ni kocha anayechagua kwa macho ya Jaws Corner. Akimkuta kijana mnene mlangoni akamwambia akapunguze kwanza ndiyo arudi, huyo harudi. Visiwa vilivyokaa karibu miaka 60 bila ngumi havina akiba ya mabondia ya kuchezea hivyo.

Kipimo si kigumu. Mfungie glovu, mpe raundi tatu za mazoezi na mtu wa uzito wake, kisha uhesabu: amerusha ngumi ngapi raundi ya mwisho ukilinganisha na ya kwanza? Alipopigwa alifumba macho au aliendelea kuangalia? Daktari naye apime moyo na presha kabla ya yote, maana unene unaweza kuwa na madhara yake na ulingo hauna huruma. Akifaulu hapo, mambo ya kiuno yatashughulikiwa yakiwa ndani ya gym, si nje ya mlango.

Na kocha huyo huyo asimdanganye kijana. Historia ya Meehan ina mpaka wake. Kushinda raundi tatu si tiketi ya kwenda raundi kumi. Anayetaka mikanda ya kulipwa atalazimika kuujenga mwili unaobeba safari ndefu.

Ila hayo ni ya baadaye. Kwanza aingie ndani. San Francisco walimwacha bonge wao apande ulingoni, na bingwa wa dunia wa kesho akapata shida aliyoikumbana nayo mara tano. Unguja nayo inahitaji kumwona wa kwake akipigana kabla ya kumcheka.