Gitaa za Kivu: wapigaji tunao, sauti zao ziko wapi?

Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, wanamuziki wa muji huu wamepoteza vitu vingi kwa mara moja. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wenye kulipa wanamuziki, yaani wenye baa, wenye arusi na mashirika, wakapungukiwa na pesa. Tamasha Amani, lenye lilianza Februari 2014 kwenye uwanja wa Collège Mwanga, lilikuwa limezoesha vijana kupanda jukwaa moja na wasanii wa kutoka mbali. Kisha mambo yakanyamaza.

Lakini gitaa haikunyamaza. Siku ya Mungu inasikika makanisani, na jioni vijana wanapiga ndani ya uzio, na simu iko pembeni inawafundisha. Wengine wanajifunza rumba, wengine nyimbo za kusifu, na wengine wanafuata bluzi ya watu weusi wa Marekani. Sasa ulizo ni hili: wakitaka kujifunza kwa wazee wa kwao, wenye waliimba Kiswahili, watawasikia wapi?

Maana wazee hao wako. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa miziki, alifika Jadotville, muji wenye leo tunaita Likasi. Pale alinasa sauti ya kijana wa Bunkeya, Jean Bosco Mwenda, mwenye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba kikishika besi, na cha shahada kikiimba juu. Asiyemuona angeapa kwamba ni watu wawili. Wimbo wake «Masanga» ulivuka mipaka, na hata Nairobi wapigaji wakaanza kufuata mkono wake. Yeye na Édouard Masengo ndio walionyesha kwamba Kiswahili cha Kongo na gitaa moja isiyo na umeme vinatosha kujaza nyumba. Mwaka 1969 Mwenda alipiga huko Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa ya muziki wa asili.

Kivu nayo ilizaa wake. Ramadhani Mtoro Ongala, Remmy Ongala wa wote, alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu. Mwaka 1978 alivuka mpaka akaingia Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba umaskini, kifo, na UKIMWI wakati wengi walikuwa wanaogopa hata kuutaja. Mwaka 1989 sahani yake «Songs for the Poor Man» ilitoka Uingereza. Alifariki Desemba 2010, na hadi leo huko Dar kuna fasi inaitwa Sinza kwa Remmy. Kindu kwenyewe, ni vijana wangapi wanajua kwamba alikuwa mtoto wa pale?

Hata jina la milima yetu lilisafiri. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita mashariki mwa Kongo na Uganda na bendi yake Les Kinois mpaka akafika Nairobi mwaka 1977. Baadaye bendi yake mpya akaiita Orchestra Virunga. Wakenya wengi wamecheza dansi kwa jina hilo bila kuona volkano hata moja.

Kwa nini basi tunawasahau? Sababu ya kwanza ni Kinshasa. Tangu Wendo na Henri Bowane walipotoa «Marie-Louise» mwaka 1948, studio, redio ya taifa na pesa vilijikusanya kule, na Lingala ikawa lugha ya muziki. Pale ndipo Franco na OK Jazz, na Docteur Nico pamoja na African Jazz, walijenga ile gitaa ya sebene yenye Afrika nzima iliiga. Hakuna ubaya, ni utajiri wetu wote. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo mbili kati ya urithi wa binadamu. Lakini urithi huo ukisimuliwa, mara nyingi msimulizi anasimama Kinshasa na Brazzaville, na gitaa ya Kiswahili inabaki mlangoni.

Sababu ya pili ni kutunza. Hapa bluzi ina somo. Robert Johnson wa Mississippi alinasa nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na miaka 27. Angeweza kupotea kabisa. Lakini sahani zilikuwa zimewekwa, na mwaka 1961 kampuni ikatoa tena sehemu ya nyimbo zake. Vijana Waingereza kama Eric Clapton na Keith Richards wakazisikiliza, wakazibeba duniani kote. Mkubwa mwingine wa bluzi, B.B. King, alifika kupiga Kinshasa Septemba 1974, kwenye tamasha iliyotayarishwa kwa ajili ya pigano la Ali na Foreman. Franco naye alipiga humo. Mzee wa bluzi na mzee wa rumba kwenye tamasha moja: mito miwili ya watu wamoja. Tofauti ni kwamba mto mmoja ulichotewa maji na kuwekwa akiba.

Za kwetu ziko wapi? Kanda za Tracey ziko Makhanda, Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Nyingine za Kongo ziko Tervuren, Ubelgiji. Mkaaji wa Goma anapaswa kununua mega ili asikie babu yake. Tena, hizo ni za wenye walibahatika kukutana na mzungu na mashine. Mzee wa Rutshuru au wa Masisi mwenye alipigia watu kwenye masoko, na leo yuko uhamishoni, hana kanda hata moja. Akifa, maktaba yake inazikwa naye. Na Goma inajua kupoteza: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya muji, na vita imekimbiza watu mara ngapi? Mwenye kukimbia anabeba mtoto na sufuria, habebi kaseti.

Watu watasema: wakati wa njaa, nani anafikiri gitaa? Ni haki kuuliza. Lakini kazi hii haiombi pesa nyingi. Simu moja, chumba chenye kimya, na mzee mwenye anakubali. Jambo la maana ni kuandika: jina la mpigaji, jina la mtunzi, kijiji, tarehe, lugha. Sauti bila jina ni yatima, na mtu mwingine anaweza kuichukua na kuiandikisha kama yake. Kwa haki ya mtunzi, SOCODA iko kisheria, lakini haiwezi kulinda wimbo wenye hakuna anayejua ni wa nani. Kisha kopi zisilale fasi moja: moja kwa familia, moja kwa redio, moja nje ya muji, Bukavu, Beni ao Nairobi.

Redio za jamii zina nafasi yao humu. Nyingi zimekaa na kaseti za zamani kwenye makabati, na unyevu unazila polepole. Kuzihamishia kwenye flashi ni kazi ya kufanya kabla kabati halijafunguliwa na mwenye hajui thamani yake.

Vijana wanaojifunza jioni ndani ya uzio hawakosi vidole wala bidii. Wanakosa mwalimu wa lugha yao, na walimu hao bado wako hai, wengine katika kartie hiyo hiyo.