Mjumbe Hauawi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Leo, ndugu msomaji, nakuomba tuipeleke methali hiyo mahali ambapo wao hawakupata kupafikiria: kwenye dashibodi ya gari.

Mwishoni mwa mwaka nilifuatana na jamaa yangu aliyekuwa akiipeleka familia yake kwa wazazi huko Titye, katika nyanda za juu za Kasulu. Gari lake ni dogo, limeletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi ya magari yetu. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Tulipoingia njia ya udongo mwekundu nikaziona taa mbili za manjano mbele ya dereva: moja yenye herufi ABS, nyingine yenye picha ya gari linaloteleza.

"Hizo zina wiki mbili," akasema. "Fundi mmoja ameniambia ninunue pampu nzima ya ABS. Mwingine yu tayari kung'oa balbu, zisinisumbue."

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko ikatokea baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi. Jamaa yangu akakanyaga breki kwa nguvu na kukata usukani, lakini magurudumu ya mbele yakafunga kabisa, na gari likateleza moja kwa moja kana kwamba usukani haukuguswa. Tulisimama ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyeumia, ila watoto waliokuwa wakiimba nyuma walinyamaza mpaka tulipofika.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo kazi ambayo ABS ilikuwa imeiacha. Mfumo huu, ambao Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza katika magari ya kawaida mwaka 1978, huachia na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde moja ili gurudumu lisifunge, nawe uendelee kuliongoza gari. Ndugu yake, mfumo wa kuzuia utelezi, hulizuia gurudumu lisizunguke ovyo unapoondoka kwenye matope. Yote miwili hutegemea kifaa kidogo kilichopo kwenye kila gurudumu, ambacho mafundi hukiita sensa. Sensa husoma mwendo wa gurudumu na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Ikikosekana habari ya gurudumu moja tu, kompyuta huifunga mifumo yote miwili na kuwasha taa. Ndiyo maana aghalabu taa hizo huwaka pamoja.

Basi tufanyeje zinapowaka?

Kwanza, tazama rangi. Manjano peke yake maana yake breki za kawaida zipo, bali msaada umeondoka: punguza mwendo, uache nafasi kubwa mbele yako, na upange kwenda gereji. Ikiwaka pia taa nyekundu ya breki, egesha gari mahali salama na usiendelee na safari. Huenda mafuta ya breki yamepungua, na mafuta hayo hayapungui ghafla bila sababu.

Pili, angalia zinavyowaka. Kuwaka kwa sekunde chache unapofungua swichi ni kujipima tu. Taa ya utelezi ikimetameta unapopita kwenye matope, inafanya kazi yake. Ikiandika OFF, yamkini mtu amebonyeza kitufe cha kuizima. Na ikiwa taa ya injini nayo inawaka, anza na injini. Katika magari mengi hitilafu ya injini huzima mfumo wa utelezi, ilhali breki hazina kosa lolote.

Tatu, mwombe fundi asome kabla hajafungua. Kifaa cha bei nafuu mara nyingi husoma injini tu. Ulizia mashine isomayo hata ABS. Katika Toyota, mathalani, namba C0200 huelekeza kwenye sensa ya gurudumu la mbele kulia. Lakini namba hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kuna tatizo katika njia yake: huenda waya umekatika, plagi imeingia maji, pete yenye meno imeziba kwa matope au kupasuka, au beringi imelegea. Tairi moja lenye kipimo tofauti na wenzake, betri dhaifu, au fyuzi iliyoungua, navyo vyaweza kuleta taa hizo.

Tuliporudi Kasulu mjini, fundi mmoja mtu mzima alifanya hivyo hivyo. Alisoma namba, akainua gurudumu la mbele kushoto, akalitikisa kupima beringi, kisha akaufuata waya kwa vidole. Nyuma ya gurudumu palikuwa na donge la udongo uliokauka kama tofali. Lilikuwa limeuvuta waya hadi ukachomoka kwenye kishikizo chake, ukasagwa na tairi na kukatika. Aliuunga, akaufunga vizuri mahali pake, akafuta namba na kuliendesha gari. Taa zikazimika zenyewe. Pampu ilikuwa nzima siku zote.

Hesabu sasa, ndugu msomaji. Shauri la kwanza lingemaliza akiba ya jamaa yangu, na taa zingeendelea kuwaka. Shauri la pili lingekuwa baya zaidi: taa zingezimika, naye angeteremka milima ile akiamini kwamba yote ni salama. Zaidi ya hayo, atakayelinunua gari hilo baadaye asingepata hata onyo.

Kwa hiyo, ukienda kununua gari, fungua swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya ABS isipowaka kabisa, usifurahi. Uliza ni nani aliyemnyamazisha mjumbe. Na wewe uliye na gari tayari, ukitoka kwenye matope, chukua maji na kijiti, usafishe nyuma ya magurudumu yote manne kabla udongo haujakauka. Kazi hiyo ni ya robo saa, na watoto waweza kukusaidia.