Akili mnemba inaandika misimbo, sisi tujifunze nini?

Wadau, kuna hoja inazunguka sana vijiweni na mitandaoni siku hizi. Eti kujifunza kuprogramu kompyuta ni kupoteza muda, kwa sababu akili mnemba inaandika yenyewe. Unaiambia unachotaka, dakika moja mzigo umeshuka. Hoja hiyo inavutia, hasa kwa kijana ambaye hana ada ya chuo. Mimi naikataa. Na naongeza kwamba kijana anayeanza leo asiogope kuanzia kwenye lugha ambayo wengi wetu hatujawahi hata kuisikia, inaitwa Haskell.

Tuanze na matukio, maana blogu hii ni ya matukio.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho kwa wateja wake. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows zilizimika. Ndege zilishindwa kuruka, hospitali zikaahirisha huduma, vituo vya televisheni vikakatika hewani. Watu wakadhani ni wadukuzi. Kumbe wapi! Ripoti ya kampuni yenyewe ya Agosti 2024 ilisema sehemu moja ya programu ilitegemea kupokea vitu 21, ikapewa 20. Ilipokwenda kukitafuta cha 21 ikagusa mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikaanguka na kompyuta nzima.

Tarehe 12 Juni 2025 ikawa zamu ya Google Cloud. Huduma nyingi duniani, ikiwemo Spotify, ziliyumba kwa saa kadhaa. Google wakaeleza: kanuni mpya iliingizwa kwenye mfumo ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi, na programu haikuandaliwa kukutana na utupu. Ikaanguka, ikajiwasha, ikaanguka tena.

Hivi unaona kinachofanana hapo? Hakuna hesabu ya ajabu. Ni maswali mawili ya mtoto: hiki ni kitu cha aina gani, na kisipokuwepo itakuwaje? Sasa basi, hayo maswali mawili ndiyo masomo ya wiki za mwanzo kabisa za Haskell.

Haskell ni lugha iliyobuniwa na kamati ya wataalamu kuanzia 1987, na toleo la kwanza likatoka 1990. Jina ni la mwanahisabati wa Marekani, Haskell Curry. Kabla yake kulikuwa na ML, iliyozaliwa Edinburgh miaka ya 1970 mikononi mwa Robin Milner na wenzake. Lugha za ukoo huu zina sifa mbili. Ya kwanza, kila kitu kina aina yake, na aina zinakaguliwa kabla programu haijaanza kufanya kazi. Ya pili, programu inajengwa kwa fankisheni, zile zile tulizokutana nazo kwenye hesabu za kidato cha tatu. Unaingiza kitu, unatoa jibu. Ukiingiza kitu kile kile, jibu ni lile lile, asubuhi na jioni.

Mfano mdogo, nauli na mzigo wa basi:

jumla :: Int -> Int -> Int
jumla nauli mzigo = nauli + mzigo

Mstari wa kwanza ni ahadi: nipe namba nzima mbili, nitakurudishia namba nzima moja. Ukiandika jumla 600 "mia mbili", kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, inagoma hapo hapo. Haingoji abiria apande ndio igundue kwamba "mia mbili" ni maneno, sio namba. Katika Python ya kawaida kosa kama hilo linajitokeza pale mstari huo unapofikiwa, na huenda ukafikiwa usiku wa manane mteja akiwa anasubiri.

Sasa somo la pili, la utupu. Tuseme unatafuta salio la mtu kwa jina lake:

tafutaSalio :: String -> Maybe Int

Hilo neno Maybe linasema "huenda". Huenda salio lipo, huenda jina halimo kabisa. Ukitaka kuongeza 500 juu ya jibu hilo moja kwa moja, kompaila inakataa: kwanza niambie lisipokuwepo unafanya nini. Ukieleza upande mmoja ukasahau wa pili, kompaila ukiiwashia maonyo itakuonyesha. Mwanasayansi wa Uingereza Tony Hoare, aliyebuni rejeo tupu kwenye lugha za kompyuta mwaka 1965, alisema hadharani 2009 kwamba anaihesabu kuwa kosa lake la dola bilioni moja. Haskell inakufundisha kuliogopa kosa hilo tangu siku ya kwanza.

Mtu atasema: hizo ni nadharia za maprofesa, kazini hazitumiki. Kwa taarifa yako, mwaka 2015 Facebook walieleza kwamba mfumo wao wa kuzuia taka na ulaghai unaendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa kwa Haskell, na unashughulikia maombi zaidi ya milioni 1 kwa sekunde. Na mwaka 2025 GitHub, ghala kubwa la misimbo duniani, walitangaza kwamba TypeScript imeipita Python kwa wingi wa wachangiaji. TypeScript ni nini? Ni JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina. CrowdStrike nao, kwenye marekebisho waliyoyataja baada ya maafa, waliweka ukaguzi wa idadi ya vile vitu wakati wa kompaila, kabla programu haijamfikia mteja. Dunia inarudi kule kule kwa Milner.

Turudi kwa akili mnemba. Ikiandika mistari 500 kwa dakika moja, nani anaisoma? Hapo ndipo kazi ilipohamia. Kuandika kumekuwa rahisi, kukagua kumekuwa kugumu, na atakayelipwa ni anayejua kukagua. Kwenye Haskell, fankisheni inayogusa dunia ya nje, yaani kusoma faili au kutuma kitu mtandaoni, inabeba alama ya IO kwenye aina yake. Ukiona fankisheni ya kukokotoa makato haina IO, unajua haiwezi kupeleka taarifa za mteja kusikojulikana, labda mwandishi apitie mlango wa nyuma, na mlango huo nao una jina lake unaloweza kulitafuta. Umesoma mstari mmoja, umejua mengi.

Lakini tusidanganyane, aina sio hirizi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka sekunde chache baada ya kuruka kwa sababu namba kubwa ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ndogo. Programu ile iliandikwa kwa Ada, lugha inayosifika kwa ukali wa aina. Na Haskell yenyewe ukiiomba kipengele cha kwanza cha orodha tupu kwa fankisheni yake ya zamani inayoitwa head, inaanguka vile vile. Kompaila inakagua ulichosema. Ulichokosa kufikiria, haikijui.

Sasa siasa yake. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha somo la kuandika misimbo kwa shule za msingi na sekondari, lugha yake Python. Ni hatua nzuri, siibezi hata kidogo. Python nayo inaruhusu kuandika aina tangu 2015, kwa hiyo mwalimu akitaka anaweza kulianza somo hili kesho bila kubadili lugha. Kwa upande wa Haskell, mwaka 2019 kulikuwa na darasa Addis Ababa kwa wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Aliyeliendesha ni kampuni ya IOHK, wajenzi wa mfumo wa sarafu ya kidijitali ya Cardano, ambao umeandikwa kwa Haskell.

Hapo ndipo roho yangu inaposita. Akina dada wale walipata elimu ya maana, na inaonyesha kwamba kichwa cha Mwafrika mashariki hakina tatizo na hii kitu. Ila mlango ulifunguliwa na kampuni yenye bidhaa yake. Bei ya sarafu ikipanda, madarasa yanakuja. Ikishuka, je? Elimu ya msingi haifai kupanda na kushuka na soko. Kukagua aina kunaweza kufundishwa pale pale kwenye mada ya fankisheni, hata kwa chaki na ubao, kabla kompyuta haijafika shuleni.

Kwa anayetaka kuanza peke yake: kompaila yake, GHC, ni bure. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kozi ya Haskell ya bure mtandaoni. Upo ukurasa wa kujaribia ndani ya kivinjari kwa asiye na kompyuta yenye nguvu. Kizuizi kikubwa ni kwamba maelezo ya makosa yanakuja kwa Kiingereza kirefu, na mgeni anakata tamaa. Dawa ni kuanza na fankisheni za mistari miwili, uandike aina kwanza, ndipo uandike mwili. Na akili mnemba itumie kama mwalimu msaidizi: ikuandikie, wewe uikague.

Mimi sina shahada, nimemaliza sekondari basi, na sijaona ukurasa wa mwanzo wa lugha hii unaodai zaidi ya hapo. Unadai tu useme unachomaanisha kabla hujabonyeza kitufe.

Walimu, mafundi, wanafunzi, na nyie mnaosema nimepotea, uwanja ni wenu hapo chini. Naomba kuwasilisha.