MFANO KWANZA, SWALI BAADAYE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Tassia

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli, lakini siku hizi tunauliza ovyo ovyo. Mtu anashika simu ya mzazi, ananunua bando la shilingi 20, kisha anaiambia akili bandia: "Niandikie ubeti wa tarbia." Basi! Hakuna mfano hata mmoja.

Jamani, hata fundi wa cherehani hapa Tassia, ukimpa kitambaa bila vipimo wala sare ya kutazamia, atashona anavyodhani yeye. Mashine nayo ni vivyo hivyo. Itakuletea mishororo 4, ndiyo, lakini huenda vina vikapotea na mizani isitimie 16. Ukinakili hivyo hivyo, atakayekatwa alama ni wewe.

Sababu ipo. Mashine hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, na mengi yake ni ya Kiingereza. Waliounda GPT-3 walieleza mwaka wa 2020 kuwa takribani asilimia 93 ya maneno iliyofunzwa nayo yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote, Kiswahili kikiwemo, ziligawana makombo. Walionyesha pia kwamba ikipewa mifano michache ndani ya swali, mara nyingi hujibu vizuri kuliko ikiulizwa bila mfano.

Wapo watakaobisha kuwa mashine za sasa ni erevu zaidi. Nakubali. Ukiuliza mji mkuu wa Uganda, mfano wa nini? Lakini arudhi, ngeli na barua rasmi zina kanuni zake.

Tena, ili utoe mfano sharti uwe nao. Sharti ufungue daftari, uhesabu mizani, utambue vina vya kati na vya mwisho. Ukifika hapo umeshajifunza nusu ya somo. Asiyeweza kutoa mfano atajuaje kama jibu aliloletewa ni bovu?

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kiweke daftari la mifano iliyosahihishwa na mwalimu, kwa maana mfano wenye kosa huzaa jibu lenye kosa. Wenzetu wasio na simu watafaidika humo humo. Chumba cha KCSE hatutaingia na simu, tutaingia na vichwa vyetu. Mnaonaje?